Gari la Kumleta Mama Mkwe

Siku tulipomzika mume wangu Anselm, Mfaume fundi alitangulia kaburini. Wanaume walipofika na jeneza walimkuta amelala chali chini kabisa, mikono kifuani, kofia imefunika uso. Padri alikuwa mgeni Tabora, akauliza huyu ni nani. Mzee mmoja akamweleza taratibu kwamba huyo ni Mzaramo, mtani wa marehemu, na kwamba hatatoka humo mpaka apewe kitu.

"Unataka nini, Mzaramo?" wakamwuliza.

"Handeli," akajibu kutoka chini. "Handeli ya kuwashia lile gari lake. Hapa pamenyooka kuliko kiti chake cha mbele. Kama hamnipi, mleteni tulale wawili."

Watu waliokuwa wakilia wakacheka huku wakilia, na mimi nikacheka chini ya khanga yangu. Nikatuma mtu nyumbani akailete. Mfaume akapanda juu, akajipangusa udongo, akampisha rafiki yake.

Tangu siku hiyo anaisimulia habari ya gari kila penye watu, na kila akiisimulia anaongeza chumvi. Mara ya mwisho nilipomsikia, simba wawili walikuwa wameshaingia. Hapakuwa na simba. Ndiyo sababu nimeona niiandike jinsi ilivyokuwa, ili mwanangu akikua asimjue baba yake kwa simba wa Mfaume peke yake.

Anselm alikuwa karani wa ghala la mizigo katika stesheni ya Tabora. Kwa kazi hiyo aliweza kupanda treni kwenda alikotaka bila kulipa, na hiyo ndiyo sababu watu walimcheka aliponunua gari. Walisema ni sawa na mvuvi kununua samaki. Hawakujua kwamba gari lile hakulinunua kwa ajili yake. Alilinunua kwa ajili ya mama yake.

Mama Apolinaria aliishi kijijini, si mbali na stesheni ya Usoke, kwenye njia ya kwenda Urambo. Alikuwa mjane mwenye mizinga mingi ya nyuki na maneno machache. Alikuwa amemchagulia mwanawe mke, binti wa jirani aliyeitwa Eustadia, anayejua kulima, kutwanga na kunyamaza. Anselm akanioa mimi, mwalimu niliyesoma mpaka sekondari, ambaye kwa maneno ya mama mkwe nilishika mchi kama ninashika kalamu. Harusini hakuja. Nyumbani kwetu, mtaa wa Cheyo hapa Tabora, hakuwahi kukanyaga.

Nilipojifungua mtoto wa kiume, Anselm alikwenda kumwomba aje ampe jina. Katika ukoo wao mtoto wa kwanza hupewa jina na mama wa baba, naye hulitamka kwa kinywa chake ndani ya nyumba ya mtoto. Jina hilo halitumwi kwa mtu. Kama asingekuja, mtoto angebatizwa kwa jina la mtakatifu tu, na katika ukoo angebaki kama mpita njia.

"Nitakuja," mama alimjibu. "Njoo unichukue na gari lako, mpaka hapa mlangoni pangu."

"Mama, treni ipo. Nitakukatia daraja la pili."

"Treni ni ya kila mtu, na wewe ni mtumishi wake. Mimi nimesema gari lako."

Mtu mwingine yeyote angeelewa kwamba ameambiwa hapana. Anselm alielewa kwamba ameambiwa gari.

Miaka hiyo yale mashamba makubwa ya karanga ya Urambo yalikuwa yamekufa, na wazungu wa karanga walikuwa wakifunga mizigo kurudi kwao. Waliuza vitanda, waliuza mbwa, na mmoja wao akamwuzia Anselm gari. Akiba yote ilikwenda, na baiskeli ikafuata. Kuendesha alikuwa amejifunza kwa madereva wa malori pale ghalani, wakati wao wakingoja mizigo.

Lilikuwa gari dogo jeusi lenye mlango mmoja wa kijani. Dereva wa yule mzungu alilileta mpaka uani kwetu, likakohoa, likazima lenyewe kabla yeye hajalizima. Akamkabidhi Anselm handeli ya kuliwashia, akachukua mfuko wake, akaenda stesheni mbio mbio bila kungoja chai. Mimi nilidhani anawahi treni.

Asubuhi Anselm alizungusha handeli mpaka shati likamganda mgongoni. Gari halikusema kitu. Ndipo akamwita Mfaume.

Mfaume ni fundi wa magari pale Gongoni. Kwao ni Kisarawe. Alikuja Tabora na lori bovu ambalo mpaka leo halijapata nguvu ya kumrudisha. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na pembe mabegani na kupita katika nchi yao. Waligombana nini na wakapatana vipi, kila mzee ana lake. Kilichobaki ni kwamba Mzaramo anaweza kukwambia neno lolote na kukamata kitu chako mbele ya macho yako, na wewe ukikasirika, wewe ndiye mwenye makosa.

Mfaume alifungua boneti, akatazama ndani, akavua kofia.

"Amefariki lini?"

"Acha mchezo, mtani. Hili jana limetoka Urambo kwa miguu yake."

"Hata mimi ningekuwa na umri huu nikatoka Urambo jana, leo nisingeamka." Akainama zaidi. "Wanyamwezi nyinyi, tangu lini mkanunua kitu cha kuwabeba? Nyinyi ndio wa kubeba. Hili gari limekujua, linangoja ulitie begani."

"Lingekuwa nazi ungekuwa umeshalipasua ukala," Anselm akamjibu. "Fanya kazi, Mzaramo. Babu yako alikuwa akishinda ngomani akingoja babu yangu amletee pembe."

"Kweli kabisa. Na alimwona alivyofika, miguu imevimba. Akasema, maskini huyu, wajukuu zake watanunua magari mabovu."

Alifungua kiti cha nyuma, na ndani yake akakuta nyumba ya panya. Akatoa karanga kiganja kimoja, akatoa kingine, mwisho akaniomba ungo. "Shemeji, njoo ushuhudie," akasema. "Serikali inasema mradi umekufa kwa kukosa karanga. Kumbe zote zimo humu."

Hivyo ndivyo matengenezo yalivyoanza. Rejeta ilivuja, akaiziba. Ilipozibwa rejeta, mkanda wa feni ukakatika. Mkanda ulipopatikana, ikaonekana tangi la petroli linatoa machozi.

"Shemeji, nipe sabuni," Mfaume akasema siku hiyo.

"Ya kunawa?"

"Ya tangi. Petroli haiyeyushi sabuni. Nikate wapi?"

Nikampa mche wangu wa sabuni, ule wa kufulia nguo za mtoto, akamega kipande kikubwa, akakikanda kama unga wa maandazi, akakisukumia kwenye tundu. Petroli ikakoma. Kilichomshinda ni honi. Ililia yenyewe kila usukani ulipozungushwa kushoto. Upande wa kulia ilinyamaza kimya.

"Iache," Anselm akasema. "Watu watajua ninakopinda."

Nilikuwa nikiwatazama kutoka kizingitini, mtoto mapajani. Mtoto hakuwa na jina bado. Tulimwita mgeni. Padri alikuwa ameshatuahirishia ubatizo mara moja kwa sababu ya bibi yake, akasema hataahirisha tena: Jumapili ni Jumapili, bibi awepo asiwepo. Anselm alipanga kwenda Usoke Jumamosi asubuhi na kurudi na mama jioni.

Ijumaa, baada ya kuswali, Mfaume alikuja akaingia chini ya gari kulikagua kwa mara ya mwisho. Akakaa huko muda mrefu. Alipotoka hakusema neno, na hilo peke yake lingetosha kututisha.

"Mtani," akasema baadaye, "springi ya nyuma kushoto ina ufa. Usiende nalo. Nitaagiza nyingine Dar es Salaam, itafika Jumanne kwa treni."

Anselm akacheka. "Veneranda, umesikia? Hata springi inapanda treni. Mama yangu tu ndiye hataki."

"Nasema kweli."

"Juzi ulisema kweli kwamba chini ya boneti umemkuta nyoka anasoma gazeti."

"Ile ilikuwa utani."

"Na hii?"

"Hii kweli, Anselm."

"Nyoka naye ulimwapia hivyo hivyo."

Mfaume alimtazama, akanitazama mimi. Nimefikiri mara nyingi juu ya dakika ile. Tulikuwa tumempa mtu ruhusa ya kusema lolote, na sasa alipotaka kuaminiwa hakuwa na neno lililobaki.

Magharibi Mwamvita, mke wa Mfaume, alikuja kwangu, akaniambia kwamba mumewe amekataa kula, amekaa anachorachora springi mchangani kwa kijiti. Nikamwambia Anselm. "Ametumwa," akasema. "Hao mke na mume wanacheza timu moja." Sikubishana naye. Nilikuwa nimeshatandika mkeka ambao mama angekalia.

Alfajiri handeli haikuwepo mahali pake. Mfaume alikuwa ameketi juu ya madigadi ya gari, ameipakata kama mtoto. Miguuni pake palikuwa na gogo fupi la mninga na mzigo wa kamba za magome ya miombo, zile wanazofungia mizinga ya nyuki.

"Nimekamata," akasema.

"Unataka nini?"

"Ninakwenda na wewe. Bila mimi, handeli hii haizunguki."

"Najua unachofuata. Unafuata asali ya mama yangu."

"Ninafuata mke. Mjane, ana nyuki, na mwanawe ana gari. Nani atamwacha huyo?"

Anselm akacheka, akamfungulia mlango wa kijani. Kulikamata gari lenyewe lote kungekuwa kupita kiasi hata kwa mtani. Lakini handeli ni halali yake, na kwa handeli hiyo alipata alichotaka, yaani kuwepo. Walipopinda kushoto kuingia barabarani, honi ikalia, na mtaa mzima ukaamka.

Mimi nilibaki na mtoto. Ya njiani nimeyapata kwa wao wawili, na ninaandika yale tu ambayo wote wawili walikubaliana.

Walikubaliana kwamba gari lilikwenda vizuri. Ni barabara ile ile waliyopita wapagazi wa zamani kuelekea Ujiji, na Mfaume aliuliza kila penye kivuli kama hapa ndipo babu yake Anselm alipokuwa akijibanza mzigo usimwone. Waliipita Usoke. Wakaingia kinjia cha kijijini, miombo huku na huku, na hapo, mahali ambapo ungeweza kuwasikia majogoo wa kijiji, springi ikakatika. Ililia kama bunduki. Gari likakaa upande wa kushoto kama kuku anayeatamia.

Wakashuka wote wawili, wakasimama kulitazama.

"Kweli ndiyo hiyo," Mfaume akasema.

"Kwa nini hukuniambia kama mtu mwingine?"

"Mtu mwingine husemaje?"

Mfaume akaingia chini, akalipachika gogo la mninga mahali pa springi, akalikaza kwa kamba za magome mzunguko juu ya mzunguko. Gogo lilishika, lakini halikuweza kuvumilia mtikisiko wa injini. Gari lingeweza kutembea tu kama lingesukumwa polepole, na mtu mwenye bega zuri akiinua ile pembe ya nyuma kila penye shimo.

"Twende kwa miguu tumwite mama aje hapa," Mfaume akasema. "Kijiji ndicho hicho."

"Alisema mpaka mlangoni pake."

"Anselm, mama yako alikuwa anakukatalia."

"Najua," Anselm akasema. "Nimejua tangu siku ile. Lakini alisema gari, na gari ninalo. Nikifika bila gari nitakuwa nimemsaidia kukataa."

Mfaume aliniambia kwamba hapo ndipo alipomwona mtani wake kwa mara ya kwanza, baada ya miaka yote ile ya kutukanana. Hakumwambia. Alikunja gunia, akaliweka begani, akaingiza bega chini ya pembe ya gari.

Wakasukuma. Anselm alisukuma kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika usukani kupitia dirishani. Kila njia ilipopinda kushoto honi ililia, na watu wakaanza kutoka mashambani kutazama. Wengine wakasaidia. Pembe ya nyuma hakuna aliyeipokea, kwa sababu walipomtambua kuwa ni Mzaramo walisema aachiwe anogewe.

Mama Apolinaria alikuwa mlangoni akipepeta mtama. Hakuuweka ungo chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Gari limekuja."

"Ninaliona. Limekuja au limeletwa?"

Mama akaendelea kupepeta, na uso wake, Anselm alisema, ulikuwa uso ule ule wa siku aliyomwambia kwamba ananioa mimi.

"Na huyo aliyejificha nyuma ni nani?" mama akauliza.

"Huyo ni Mfaume, fundi. Ni Mzaramo."

Ungo ukasimama. Mama akazunguka gari polepole, akamkuta Mfaume ameinama, gunia begani, jasho linamtiririka puani, pembe ya gari imemkalia. Akamtazama kutoka miguuni mpaka kofiani. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashikilia ukuta, akashuka nao, akaketi chini.

"Baba yangu Masele," akasema alipopata pumzi, "alipita kwao na pembe za ndovu. Wakamcheka mabega yake. Mpaka anakufa alikuwa akilisema jambo hilo. Leo Mzaramo amebeba mzigo wa Mnyamwezi mpaka mlangoni pangu."

"Shikamoo, mke wangu," Mfaume akasema kutoka chini ya gari. "Niruhusu nitue kwanza, ndipo unicheke."

"Usitue. Majirani hawajafika wote."

Majirani walipofika wote na kuona, mama aliingia ndani. Akatoka mara moja na mzigo wake umefungwa. Watu walidhani ni haraka ya mikono yake. Anselm ndiye aliyeupokea kuutia garini, na siku nyingine, tukiwa peke yetu, aliniambia kwamba mzigo ule ulikuwa na vumbi juu. Ulifungwa zamani.

Mama akaingia kiti cha nyuma, akafunga mlango wa kijani. "Haya," akasema. "Nipelekeni."

Kijiji kizima kikalisukuma gari mpaka stesheni ya Usoke. Treni ya mizigo ingepita usiku kwenda Tabora. Stesheni masta alimfahamu Anselm kwa sauti ya simu, akakubali gari lipakiwe kwenye behewa la wazi. Wakapanga mataruma ya reli, wakalipandisha, wakalifunga kwa kamba zile zile za magome. Shida ikabaki moja: mama alikuwa bado yumo ndani.

"Mama, shuka," Anselm akamwambia. "Utapanda behewa la gadi, kuna benchi."

"Nilisema treni sipandi."

"Lakini gari limepanda treni, mama."

"Hilo ni shauri la gari."

Stesheni masta akaja na taa yake. Akaeleza kwa adabu kwamba abiria haruhusiwi kukaa kwenye behewa la mizigo.

"Mimi si abiria," mama akasema. "Niandike mzigo. Mpagazi wangu ni huyo Mzaramo, aje akae hapa mbele asinipoteze."

Stesheni masta alikuwa na mama yake pia. Aligeuka akaenda kuangalia taa ya upande wa pili.

Mimi huko Cheyo nilikesha. Jioni hawakurudi, na nilijilaza nikisikiliza kila kishindo cha barabarani. Kulipopambazuka, mtu wa stesheni alinibishia hodi. Usoke walikuwa wamepiga simu, akasema, kuna mizigo ya Bwana Anselm inakuja na treni. "Mizigo gani?" nikamwuliza. Akajikuna. "Wamesema gari moja na mama mmoja."

Nikambeba mgeni wangu nikaenda. Makuli walikuwa wameshasikia, wamejipanga kwenye jukwaa kama wanamngoja gavana. Treni ikaingia polepole: mabehewa ya ngozi, ya nta, ya magogo, na mwisho kabisa gari jeusi lenye mlango wa kijani, limekaa juu kama limezaliwa pale. Mama Apolinaria alikuwa nyuma, ameketi wima, macho mbele. Mfaume alikuwa mbele, ameshika usukani kwa mikono miwili, amekunja uso kama dereva wa malori. Anselm alisimama kando, ameshika mlango. Reli inapinda kidogo kushoto pale inapoingia stesheni, na ilipopinda, Mfaume akazungusha usukani, na honi ikalia.

Sijawahi kuisikia stesheni ile ikicheka vile.

Waliposhusha mataruma, mama akashuka na mzigo wake. Nikapiga magoti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akanitazama, hakuwa na haraka. "Wewe ndiye mwenye kalamu?"

"Ndiye mimi, mama."

"Nao wananiambia sabuni yako ndiyo iliyoziba tangi."

"Ndiyo, mama."

"Basi kuna kitu unajua."

Mtoto hakumpokea pale. Alisema mpaka nyumbani. Alikubali kutembea kwa miguu, maana ameketi vya kutosha, na alitembea mbele yetu kama anayeijua njia. Alipofika kizingitini kwetu alisimama. Anselm alisimama nyuma yake, amechafuka grisi mpaka masikioni. Kisha mama akavuka kizingiti, akaketi kwenye mkeka, akanyoosha mikono.

"Mleteni mgeni," akasema.

Akamweka mapajani. Akamwinamia, akamtamkia sikioni kwanza, kisha akatamka kwa sauti ili tusikie. "Masele. Babu wa baba yako alibeba mizigo ya watu mpaka baharini. Wewe utabebwa." Masele akamjibu kwa kumlowesha, na bibi yake akaniomba kipande cha sabuni, kama kimebaki.

Tukawahi misa.

Springi ilifika Jumanne, kwa treni, kama Mfaume alivyosema. Anselm aliipokea mwenyewe ghalani. Hakuitia kwenye mkokoteni. Aliiweka begani, akapita nayo sokoni, akapita nayo msikitini watu wakitoka, mpaka Gongoni, na Wazaramo wote wa Tabora walikuwa wamesimama kando ya njia. Mfaume aliniambia alimtaka apite tena mara ya pili, kwa sababu mjomba wake alikuwa chooni. Anselm akapita tena.

Mama alikaa kwetu mpaka mvua zilipoanza. Alijaribu kunifundisha kushika mchi, akakata tamaa, akasema pengine mwanafunzi ni mzuri ila mchi ndio mgumu. Gari lilitembea miaka kadhaa, siku lilizotaka. Kisha likasimama uani, nasi tukasema tutalitengeneza, na kuku wakaingia. Halafu Anselm akashikwa na kifua mwaka jana, na hakuamka.

Kwenye msiba mama alikuja kwa treni. Alishuka daraja la tatu, na watu wengine, ameshika mzigo wake mwenyewe. Hakuna aliyemkumbusha maneno yake, na yeye hakuyakumbusha.

Jioni baada ya kuzika, watu walipopungua, alitoka uani, akawafukuza kuku, akaingia kiti cha nyuma cha lile gari, akafunga mlango wa kijani. Nilitaka kumfuata. Mfaume akanizuia kwa mkono. Akaenda mbele ya gari na handeli aliyoipata kaburini, akaipachika, akaanza kuzungusha. Gari halina plagi, halina tangi, na chini ya boneti kuna mayai.

"Mzaramo," mama akasema kutoka ndani, "unazungusha kama unakuna nazi."

"Nisamehe, mke wangu. Nililelewa vibaya."

"Linawaka?"

"Bado kidogo."

"Usiache. Mwanangu alisema linawaka."

Mfaume akageuzia uso wake upande wa ukuta, lakini mkono haukuacha. Akaendelea kuzungusha taratibu, bila kelele, mpaka mama aliposinzia.